Usicheke Karibu na Sindano ya Shangazi

Shangazi yangu anachunguza vipokezi vya ubongo, yaani vile vijilango kwenye seli vinavyopokea kemikali na kutufanya tucheke, tulie au tusinzie. Kazi yenyewe ni kugusisha sindano ya kioo, nyembamba kuliko unywele, kwenye seli moja iliyo hai, kisha kungoja. Ukipiga chafya tu, imekula kwako. Ndiyo maana maabara nzima hutembea pekupeku, na mimi nilishawahi kutimuliwa kwa kosa la kucheka.

Juzi nilimpelekea miwani aliyoisahau nyumbani. Nikamkuta ameikodolea macho skrini, anadondosha kemikali ya furaha juu ya seli. Mara mstari wa umeme wa seli kwenye skrini ukapanda juu! Kijilango kilichomnyima usingizi miaka nenda rudi kimefunguka. Wenzake wakaziba midomo kwa viganja, machozi yakiwatoka. Msaidizi wake akang'ata koti.

Shangazi akaninyooshea kidole. "Wewe, usithubutu!"

Kisha yeye mwenyewe, mama mzima na mvi zake, akaruka juu kama mtoto.

Sindano ikavunjika. Mstari ukalala.

"Shangazi," nikanong'ona, "sasa atimuliwe nani?"

Akajitimua mwenyewe, viatu kwapani, akicheka mpaka mwisho wa korido.