Nyuzi za Mgomba Chini ya Mikaratusi

Habari za kifo chake nilizipatia sokoni, kutoka kwa mama mmoja anayevuka mpaka kila asubuhi kwenda Goma. "Ule muzee wa kuhesabu majani alikufa," aliniambia huku akichagua vitunguu. "Walimuzika jana." Alikuwa jirani yangu mtaani Nengo kabla hajahamia Busasamana, karibu na msitu wa kupandwa aliokuwa akiutunza. Hakuwa na mke wala mtoto. Nilisimama pale na kikapu changu, nikajiuliza ni wangapi waliomsindikiza, na aibu ikanishika kwa kuwa mimi sikuwamo.

Wenzake walitazama mikaratusi, yeye alitazama chini yake. Alikuwa akitandika kamba mraba, anapiga magoti, anahesabu kila kilichoota ndani. Siku moja alinivuta nione. "Hii ya mingi ndiyo inakamata udongo, mvua isibebe," alisema, akishika kangaga lililojaa kila mahali. "Lakini iko ingine kidogo tu, mbili, tatu. Ukiondoa ile, donc, hapa na misitu ingine inakuwa kitu kimoja." Nikamtania: wengi wape, mzee. Hakucheka. Mazungumzo yake yalituchosha wengi, nami nilikuwa miongoni mwa waliopita njia nyingine wakimwona.

Kisha ikaja Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi, tukapelekwa kufyeka chini ya miti yake. Niliona vichaka vidogo vichache vimefungwa nyuzi za mgomba. Huku kwetu mti uliotiwa alama ni mti wa kukatwa, hata mtoto anajua hilo. Nikavifyeka vyote, kimoja baada ya kingine, nikijisifu kwa bidii. Alipofika aliokota nyuzi zake, akazikunja, akazitia mfukoni. "We muandishi, zile nilifunga ndizo za kuacha." Nikamwomba radhi. "Bon, iko ingine. Lakini sitafunga tena. Nitaweka mu kichwa."

Wakubwa walitusifu siku ile kwamba msitu umependeza. Ndivyo tulivyo, msomaji wangu: tunapenda palipo safi, na mtu asiyefanana nasi tunamwona uchafu wa kuondolewa. Tulimwachia yule mzee upweke wake, tukauita tabia yake.

Juzi nilipanda hadi msituni kwake peke yangu. Kangaga limerudi hadi magotini, limefunika kila kitu. Nilitafuta uzi wa mgomba hata mmoja, ingawa nilijua hakuna. Vile vichaka vichache alivyosema vimebaki vimo humo mahali fulani, na aliyejua wapi amelala ardhini. Jumamosi ijayo ni umuganda tena, nitasimama pale na panga langu. Nimejifunza kuuliza kabla ya kukata, na wa kumuuliza hayupo.