Stika ya Kipkurui

Kama uko kwa grupu yoyote ya WhatsApp kutoka Boito mpaka Kaplong, umeshamwona Kipkurui. Hujui ni yeye, lakini umemwona. Ni kale katoto kameketi ndani ya kikapu cha majani chai, mdomo wazi, makamasi yamefika kidevu, kanalia kama kamefiwa. Bonasi ya majani, ile pesa kiwanda inalipa wakulima mara moja kwa mwaka, ikitangazwa na iwe mbaya, watu wanatuma hiyo stika. Timu ikifungwa, stika. Ng'ombe ya mtu ikikataa kushika mimba, stika.

Mwenye alipiga hiyo picha ni mama yake, Rodah.

Rodah ni mama wa kawaida kabisa. Ana kashamba ka majani hapo Boito, ng'ombe wawili, na vidole vimekuwa vyeusi na utomvu, hata sabuni imeshindwa. Bwana yake, Kipchirchir, anaendesha lori ya mtu huko Nakuru, anakuja nyumbani akipata nafasi. Siku ya hiyo picha mtoto alikuwa na miaka minne. Walikuwa kwa banda ya kupimia majani, lori ya kiwanda imechelewa, mtoto amechoka, Rodah akamweka kwa kikapu. Mtoto akalia. Rodah alikuwa na simu yake ya kwanza ya kugusa, na ukiwa na simu mpya kila kitu ni picha. Akapiga, akaposti Facebook: "Bonasi imekuja mbaya mpaka mtoto wangu analia."

Watu walicheka sana. Ilikuwa kweli inachekesha. Shida ni kwamba hawakuacha. Mtu fulani, mpaka leo hajulikani, akaigeuza stika, na hapo ikatoka kwa mikono ya Rodah milele.

Kipkurui akiwa mdogo hakujali. Shuleni walimwita Bonasi, akaitika. Maneno iligeuka mwaka jana, akiwa na miaka kumi na sita, wakati wa jando ulipofika.

Kwetu Wakipsigis, kijana kwa jando anaangaliwa kitu moja. Usilie. Usikunje uso, hata jicho lisipepese. Unaingia mtoto, unakaa ndani na wenzako mbali na wanawake, unatoka mwanaume na jina la baba. Kipkurui angetoka akiitwa Arap Chirchir. Ya utoto yanaachwa huko nyuma, hata mama mzazi hayataji tena. Sasa wewe fikiria unatoka mwanaume, halafu kila simu kwa kijiji iko na wewe ukilia.

Jioni kabla aende, alimkuta mama yake akikamua.

"Mama, hiyo picha itoke."

"Picha gani?"

"Unajua gani. Itoke kabla nitoke. Nikitoka na bado iko, mimi sirudi hapa. Nitakaa kwa baba mdogo Kedowa."

"Kurui, ni mchezo tu ya watu."

"Ni yako wewe. Wewe ndio uliwapatia."

Rodah alienda ndani, akafungua Facebook, akaifuta. Ilichukua dakika. Akalala amefurahi. Yaani alidhani imeisha.

Asubuhi, kwa banda ya majani, alimwambia rafiki yake Gesare, Mkisii mwenye wamechuna pamoja miaka mingi. Gesare alicheka mpaka akashika mzani.

"Dada yangu, umefuta kwa Facebook? Stika iko kwa simu yangu. Iko kwa simu ya pasta! Utaingia kwa simu ya pasta ufute?"

Hapo ndio Rodah alianza kukimbia. Alienda kwa Bogonko, mwenye duka, ju ndiye admini wa grupu ya wakulima.

"Bogonko, tafadhali waambie wafute."

"Mama, mimi naweza toa mtu kwa grupu. Stika siwezi toa kwa mtu."

"Basi nitawaambia mwenyewe."

"Wacha. Nakuambia kama ndugu, wacha."

Hakuacha. Alirekodi sauti, akaomba watu kwa heshima, akasema kijana yuko jando, akasema anaumia kama mzazi. Wa kwanza kujibu alituma stika. Wa pili stika. Mwingine akaandika, "Mama pia analia, leteni kikapu kubwa." Na chini yake stika, stika, stika, mpaka Bogonko akafunga grupu. Ikahamia kwa grupu ya kanisa.

"Sasa umewaonyesha mahali inauma," Gesare alimwambia. "Walikuwa wameanza kuchoka nayo, wewe ukaiamsha."

Na hapo ndani kwa vijana hakuna simu, na mama haruhusiwi kufika. Rodah hakuwa na njia ya kumwambia mtoto wake chochote. Alibaki anahesabu tu Disemba ikiisha.

Halafu akapata wazo, na ilikuwa wazo mbaya sana. Alijiambia, watu wakimwona Kipkurui mwanaume, wamesimama naye kwa suti, yule mtoto wa kikapu watamsahau. Picha mpya ifukuze ya zamani. Wazazi wengi mko hapo saa hii. Mmeharibu na picha, mnatengeneza na picha.

Siku ya kutoka walisimamisha hema, pasta akaomba, mursik, maziwa yetu ya kugandisha, ikamwagwa kwa vikombe. Kijana alikuja na suti na kofia, amekuwa mrefu kidogo, ama ni vile alikuwa anasimama. Alimsalimia mama yake kwa mkono. Akauliza polepole:

"Imetoka?"

"Nilifuta," Rodah akasema.

Na si uongo, alikuwa amefuta. Kijana akatabasamu. Rodah hakuwa ameona meno yake tangu mwaka uanze, na mkono ukaenda kwa simu wenyewe. Akapiga. Kabla chakula kitolewe alikuwa ameposti: "Asante Mungu, mtoto wangu sasa ni mwanaume."

Wali haujafika meza ya mwisho, mtu alikuwa ameweka zile picha mbili pamoja. Kushoto kikapu, kulia suti. Juu ameandika: "Bonasi kabla na bonasi baadaye." Simu ilipita kwa meza ya vijana wenye walitoka jando pamoja naye. Wakacheka. Ikafika kwake. Akaangalia, akampatia mwenye alikuwa karibu, akainua macho akamwangalia mama yake.

Hakukunja uso. Jicho halikupepesa. Rodah anasema heri angemtusi.

Alimaliza kula, akasalimia wazee wote, na jioni akaondoka na baba yake mdogo.

Shule alihamia huko huko Kedowa. Rodah alifunga Facebook. Mwezi wa tatu alienda kumwona, amebeba maziwa, simu ameacha kwa Gesare. Waliongea vizuri, kijana akacheka hata. Halafu Tecla, mke wa baba mdogo, mtu mzuri asiyejua kitu, akatoa simu yake.

"Hebu simameni hapo, mama na mwanaume wake!"

Kijana alitoka nje. Rodah alimfuata mpaka kwa boma ya ng'ombe.

"Si mimi nimetoa simu, Arap Chirchir."

"Najua."

"Yangu nimeiacha nyumbani. Hata siku ya harusi yako nitakuja bila."

"Wewe utakuja bila," alisema, akimrushia ng'ombe nyasi. "Na hao wengine wote?"

Rodah alipanda gari ya kurudi Boito kabla mvua ianze.