Siku Mama Mkwe Alipoikalisha Ndege

Mama mkwe wangu aliwahi kuninyang'anya ndege.

Ndege nzima, rubani yumo ndani, na mimi nipo kazini nimevaa sare iliyopigwa pasi.

Mimi ni mhudumu wa ndege. Siku hiyo nilipangwa mlango wa nyuma kabisa, upande wa kulia. Yeye, ndiyo kwanza anapanda ndege maishani, akapewa kiti cha nyuma kabisa. Mume wangu akasema ni bahati. Wanaume wana maneno.

Hatujaondoka, viti vyote vya jirani vishaujua ukoo wetu.

"Yule pale mke wa mwanangu," aliwaambia. "Mkikosa chochote, semeni na mimi."

Baba mmoja akataka mto. Akamwomba yeye, siyo mimi.

"Mkwe, mletee huyu baba mto."

Nikaleta. Ningekataa nikalale wapi?

Ndege ikasukumwa kinyumenyume, rubani akaanza kuwasha injini. Mara mwanga wa rangi ya chungwa ukacheza kwenye madirisha ya kulia.

"Moto," mtu akasema, polepole, kama anayemtaja mdai wake.

Ikawa patashika nguo kuchanika.

Nikachungulia dirishani, nikanyakua simu ya ndani. Mafunzoni walitupigia kelele mpaka tukachoka: usimwambie rubani unavyoogopa, mwambie unachokiona. Yeye yuko mbele, hana macho kisogoni.

"Kapteni, injini ya kulia inatoa moto kwa nyuma. Bawa halijashika. Ndani hakuna moshi."

"Nimekupata. Nakata mafuta, naendelea kuizungusha mpaka moto upulizike. Milango isifunguliwe. Nawatangazia abiria sasa hivi."

Sasa nieleweni vizuri. Injini inazunguka, na upepo wake unapuliza kuja kwenye mlango wangu. Atakayeshukia pale atapeperushwa kama mfuko wa nailoni, na lami haina huruma.

"Kaeni! Tulieni!"

Nani akae? Wote wanamtazama mama mkwe.

Naye kashasimama, mkoba kwapani.

"Twendeni," akawaambia. "Mlango huu ni wa kwetu."

Wakajipanga nyuma yake kama kuku na vifaranga.

"Mkwe, fungua."

"Mama, kaa."

Neno kavu, halina tafadhali wala samahani. Tangu niolewe sijawahi kumwambia hivyo, hata ndotoni.

"Unasema na nani?"

"Na wewe, mama. Sifungui."

Akanyoosha mkono kwenye mpini. Nikaubandika mgongo wangu mlangoni. Watu wa nyuma wakaanza kusukuma, na nikaona nikiendelea kubishana naye, watatukanyaga wote wawili kisha wafungue wenyewe.

Nikamsogelea sikioni.

"Mama, nje ya mlango huu kuna upepo utakaowaua hawa watu. Mimi hawanisikii. Wewe wanakusikia. Nisaidie kuwakalisha."

Akanitazama. Akaitazama foleni yake. Akavuta pumzi.

"Nyie. Kila mtu kitini kwake. Wewe mwenye koti, usijifanye kiziwi, nasema na wewe. Mnasukumana nini, hamkulelewa?"

Walikaa, jamani. Hata wewe ungekaa. Mimi mwenyewe nilitaka kukaa, nikakumbuka nina mlango.

Simu ikalia.

"Moto umezimika, fundi aliye chini amethibitisha. Huko nyuma vipi?"

"Wamekaa wote, Kapteni."

"Safi. Kumbe tangazo langu limesikika."

Nikadhani ndivyo. Kelele zile, labda ni mimi tu sikulisikia.

Tukavutwa kurudi, abiria wakashuka. Fundi akapanda kukagua, akajaribu spika za nyuma.

Kimya. Zilikuwa zimekufa. Wa mbele walimsikia rubani. Mimi nilimsikia kwenye simu. Wengine wote wa nyuma, sauti pekee iliyowafikia ilikuwa ya mama mkwe.

Rubani alipoambiwa, alimfuata akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Usijali, baba," mama akamwambia. "Siku nyingine ikikushinda, niite."

Nyumbani alisimulia mpaka majirani wakaleta viti vyao. Katika simulizi ile mimi sikuwemo. Mume wangu akanionea huruma.

"Na mke wangu alifanya nini?"

"Huyu?" Mama akanigeukia. "Huyu alininyima mlango."

Nikaanza kuhesabu nguo zangu kichwani.

"Nimemwamuru, watu wanalia, moto unawaka, na mimi ni mama yake. Akakataa." Akamgeukia mwanawe. "Sasa umekaa unanitazama nini? Nenda kampakulie mkeo, amechoka."

Basi ndugu zangu, siku ikikukuta, sema unachokiona, subiri neno la anayejua, na usifungue mlango kwa sababu tu anayeamuru amekuzidi umri.

Akiwa amekuzidi na sauti pia, mpe kazi.