Papai Bichi la Idi Pili

Enzi zetu, sisi tuliokulia Maskati ndani ya ukuta, mtoto alijua kunyamaza kabla hajajua kufunga vifungo vya nguo yake. Wenzangu mliokuwa kule kabla ya mwaka wa sabini mtanielewa. Jua likishazama inapigwa ngoma, baadaye unalia mzinga, na lango la mji linafungwa. Aliyechelewa nje, kwake ni huko huko mpaka asubuhi. Aliye ndani akitaka kutembea gizani abebe fanusi, uso wake uonekane. Wajukuu zangu hapa mtaani Ansab nikiwaeleza hucheka, wanadhani nawatungia hadithi za majini. Wao umeme ukikatika dakika mbili hupiga kelele utadhani wamevunjika miguu.

Nyumbani kwetu tulikuwa na hofu ya ziada juu ya hiyo ya mji mzima. Tulitoka Unguja baada ya mapinduzi, tukakaa Mombasa, kisha Baba akapata rukhsa ya kuingia Oman kwa sababu tajiri mmoja wa Matrah, mji wa bandari jirani na Maskati, alimtaka awe karani wake. Rukhsa ilimtaja yeye, Mama, mimi na mdogo wangu. Bibi, aliyemzaa Mama, hakutajwa. Alibaki Mombasa, na dada yangu Salma, ambaye alikuwa na miaka kumi na tano na naye hakutajwa, akabaki naye amwangalie kwa sababu magoti yalikuwa yameshamshinda. Mama aliniambia tutaachana nao miezi miwili tu. Tulipoingia mwaka wa pili aliacha kuitaja hiyo miezi.

Baba aliamini kwamba tukionekana sana, au tukisikika sana, tutarudishwa. Turudishwe wapi, hakuna aliyejua, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Kila asubuhi nikienda chuoni kusoma Kurani alinisimamisha kizingitini na kuniambia maneno yale yale: "Ukivuka mlango huu, Kiswahili kiache ndani." Nikakiacha. Nilipita uchochoroni nimebana midomo, na Kiarabu changu cha kuungaunga nikakitumia kwa salamu na kwa kuomba maji. Mdako tulicheza ndani, mimi na mdogo wangu, kwa kokoto za ufukweni, na kila kokoto ikianguka tulitazamana tukihofia kwamba imesikika kwa jirani.

Lakini msidhani tulikaa tunalia tu. Tulikula mikate ile myembamba kama karatasi, ya moto, na samli na asali. Joto likizidi Mama alimwaga maji sakafuni tukalala juu yake kifudifudi kama samaki waliotandazwa. Na kulikuwa na mpapai wetu. Mama alikuja na mbegu kutoka Unguja, kazifunga kwenye pindo la kanga, akazipanda pale maji ya kutawadhia yanapopita. Baba alinung'unika kwamba mti wenyewe utatutangaza kwa watu. Mpapai haukumsikiliza, ukapanda hata ukachungulia juu ya ukuta wa ua.

Kwa Mama mpapai ule ulikuwa wa jikoni. Nyama ya kuchoma aliitia maji ya ukwaju, na hivyo ndivyo wafanyavyo Waomani vilevile. Ila nyama ikiwa ngumu alichuma papai bichi, akalikwaruza, akalikamua kwenye kitambaa, na maji yake akachanganya na nyama. Mishkaki ilitoka laini, ukiiuma, ulimi wenyewe unafurahi. Mimi nilimtazama mara nyingi akifanya. Nilitazama mikono yake, kipimo sikukitazama, maana mtoto huona vitendo lakini haoni saa.

Sasa ikaja Idi ambayo sitaisahau. Sheikh wa kabila letu, maana asili yetu ni Oman, aliyekuwa na nyumba Matrah, alikubali kuja kwetu kula chakula cha mchana siku ya Idi Pili, siku ambayo Maskati nzima inachoma mishkaki na moshi wake unaingia hadi kwenye mito ya kulalia. Hakuwa anakuja kula tu. Akiandika barua kwamba Bibi na Salma ni watu wake, wataingia Oman. Asipoandika, basi. Baba alilirudia jambo hilo mara nyingi sana wiki ile, kwa sauti ya chini, na kila mara alimalizia kwa kutuonya kwamba mbele ya Sheikh kusiwe na kitu cha Kiunguja hata kimoja. Kanga zikafichwa kwenye sanduku. Nyama itiwe ukwaju, kitunguu thomu na bizari, kama wanavyofanya wenyeji, na papai lisisogezwe karibu.

Mbuzi alichinjwa Idi Mosi. Jioni nikamsikia Baba akimlalamikia Mama kwamba wamemuuzia mbuzi mzee, nyama yake kama kamba, na Sheikh ataona tumemdharau. Mama akamwambia ukwaju utafanya kazi. Lakini sauti yake haikuwa na imani nao, nami nikaisikia.

Asubuhi, watu wazima walipokuwa wakitandika barazani, nilikwenda kwenye mpapai. Nilichuma papai bichi moja, kubwa, nikajificha nyuma ya mtungi wa maji. Nikalikwaruza, nikalikamua lote kwenye kilemba kikuukuu cha Baba, na maji yake meupe nikayamimina yote katika beseni la nyama. Nikachanganya kwa mikono miwili. Wallahi nilidhani namleta Dada Salma.

Sheikh alitarajiwa baada ya Adhuhuri. Adhuhuri ikapita. Alikuwa na nyumba nyingine za kupitia, kila moja ikimzuia kwa kahawa na halwa, na alipobisha hodi kwetu Alasiri ilikuwa imeshaadhiniwa. Muda wote ule vidole vyangu vilikuwa vinawaka, ngozi ya ncha inachunika. Sikujua kwamba papai lililokuwa linanila vidole lilikuwa linaila na nyama ndani ya beseni.

Mama alipoichota nyama kuitunga kwenye vijiti vya mtende, ilimpita kati ya vidole kama uji. Akajaribu tena, akaibana kwenye kijiti kwa nguvu, akaiweka juu ya seredani. Ikateleza kipande kimoja, kikafuata cha pili, vikaangukia makaa, na moshi ukapanda. Akainama kunusa beseni. Kisha akanishika mikono, akaigeuza, akaviona vidole. Hakunipiga. Heri angenipiga.

Baba akaingia jikoni kuulizia mishkaki, akaona. Uso wake uliingia weupe ambao nilikuwa nimeuona mara moja tu, siku tuliyoondoka Unguja. Akauliza kwa kunong'ona, maana Sheikh alikuwa nyuma ya ukuta, "Nani katia papai?"

"Mimi," Mama akasema. "Nilihisi nyama ngumu. Nisamehe."

Sikufungua mdomo. Nilikuwa nimefundishwa kunyamaza nikafaulu vizuri mno.

Mama akaweka chuma cha kuchomea mikate juu ya makaa, akakipaka samli, akaikusanya nyama ile kwa vidole na kuibandika pale madonge madogo madogo mpaka ikakamata rangi, akaimwagia maji ya ukwaju mazito, akaipanga kwenye sinia bila kijiti hata kimoja. Baba alilibeba lile sinia kama mtu anayepeleka taarifa ya msiba.

Nikachungulia penye pazia. Sheikh alikuwa mzee mwembamba, ndevu nyeupe, khanjari kiunoni. Alichukua donge moja akalitia mdomoni, akatulia. Akachukua la pili. Akala kimya, macho kwenye sinia, hakumtazama mtu wala hakusifu, na nikaona kwamba hasira za wakubwa ndivyo zilivyo. Alipomaliza aliuliza kwa Kiarabu ni nani aliyepika. Baba akajibu, "Watu wa nyumbani." Sheikh akasema, "Haya," akanawa, akanywa kahawa, akaaga. Baba alirudi jikoni, akaegemea mlango, akasema, "Hakutaja barua kabisa." Mama akaendelea kuosha sinia.

Siku mbili baadaye Mama aliyachuma mapapai mabichi yote yaliyobaki mtini, matatu, akayafunga kitambaa, akavaa baibui, akatoka na Baba. Alirudi mikono mitupu. Nikajua amekwenda kuyatupa baharini kwa uchungu. Sikumuuliza. Siku zile mtoto hakuuliza mambo ya wakubwa, na suala la ile barua ndiyo kabisa halikutajwa hata baina yao wenyewe, wasije wakaliharibu, au majirani wakasikia.

Miezi ikaanza kupita. Meli ikitia nanga Baba anakwenda kuulizia, anarudi peke yake, anavua viatu. Nilihesabu meli zile zote na kila moja nilijiambia, ni wewe Zuhura, ni papai lako. Katika mwezi wa nane tangu Idi ile ilifika barua kutoka Mombasa. Bibi amefariki. Mama alilia amejifunika kanga, ile kanga iliyofichwa siku ya Idi, na mimi nilikaa pembeni yake nikiwa na hakika kwamba nimemzuia mama yake asimwone tena, na kwamba yeye anajua hivyo, na kwamba hata hivyo hapo jikoni alisema "mimi".

Wiki tatu baadaye rukhsa ikaja. Ilikuwa na majina mawili. Kumbe barua iliandikwa, nikajiambia, ila papai langu liliichelewesha.

Salma akafika peke yake, amekonda, amerefuka, amevaa miwani ya Bibi shingoni kwa uzi. Watu wote walikimbilia mlangoni. Mimi nilijificha nyuma ya mtungi na sikutoka mpaka Magharibi.

Baadaye ikaingia sabini, Sultani mpya akashika nchi, mambo yakafunguka, lango likawa halifungwi tena. Ndugu zetu wakaja kwa mamia, Kiswahili kikasikika sokoni bila kunong'ona, shule zikajengwa, wasichana tukasoma, na mimi nikafanya kazi serikalini miaka thelathini. Baba akafariki, halafu Mama. Nilimuuguza mwaka mzima. Kila siku nilisema leo nitamuuliza, na kila siku nilimpa dawa nikamfunika shuka.

Mwaka jana nilialikwa kwenye sherehe ya uchumba mtaa wa Qurum, katika nyumba moja yenye vioo kila upande. Nikakalishwa karibu na mama mmoja mtu mzima, Bi Rayya. Tukaulizana asili na nasaba kama kawaida yetu, akatokea kuwa ni binti yake yule Sheikh. Moyo ukanipiga kama ndiyo kwanza nina miaka tisa. Wahudumu wakaleta mishkaki. Bi Rayya akaonja, akasema si mibaya lakini haifikii ile ya kwao, wao tangu zamani huitia papai bichi.

Nikamuuliza wameipata wapi desturi hiyo, maana Waomani wengi huishia kwenye ukwaju. Akanieleza kwa raha zake, na mkono wangu ukabaki hewani na kijiti. Baba yake alikuwa amepoteza magego yote, na aliona haya, hakutaka watu wajue. Kila Idi alikwenda majumbani akajifanya anatafuna, akaificha nyama shavuni. Idi moja alirudi kutoka Maskati amefurahi kama kijana, akasema amekula mishkaki mpaka ameshiba. Hapo hapo akaagiza kalamu, akaandika barua ya familia ile kabla ya Magharibi. Barua ikaenda ofisini, ikakaa huko miezi, kama zilivyokaa zote. Na kesho yake alituma mtu awaulize wenyeji wake namna nyama ilivyopikwa.

"Ndiyo nyinyi. Akaja mama yako," Bi Rayya akasema, "na mapapai matatu. Akakaa na mama yangu jikoni akamfundisha: kijiko kimoja, saa moja, si zaidi. Kwani hakukwambia?"

"Sikumuuliza," nikamjibu.

Kwa hiyo Mama alijua. Alijua tangu siku ya nne ya Idi kwamba barua imeandikwa, na hakuwa na sababu ya kunitoa hofu ambayo hakujua kuwa ninayo. Nilipofika nyumbani nilikaa ndani ya gari, nimezima injini, nikalia.

Idi iliyopita watoto walichoma nyama hapa uani kwangu. Mjukuu wangu Nasra ana miaka kumi na mdomo usio na breki. Alikamua papai, akapima kijiko, akaweka simu yake ipige kengele baada ya saa moja, halafu akaja kunisimamia mbele kwa sababu nilikuwa nimevuta kiti, nimekaa, nalilinda beseni. "Bibi, mbona kila Idi unakaa hapa? Unaogopa tutaila mbichi?"

Mbele ya mama yangu nisingethubutu hata nusu ya swali hilo. Nikafungua mdomo kumkemea, nikaufunga, kisha nikamweleza yote. Salma alikuwa kwenye mkeka upande wa pili, anamenya ndimu. Ana miaka sabini na zaidi, miwani ya Bibi bado anayo sandukuni. Sikuwahi kumwambia hata yeye. Aliposikia, kisu kikasimama.

"Ndiyo maana ulijificha nyuma ya mtungi," akasema. "Na mie miaka yote hii nnajua hukutaka nije."

Simu ya Nasra ikapiga kengele, akaenda kutunga nyama huku akiuliza mtungi ni kitu gani. Enzi zetu tulikuwa na adabu, kila mtu anasema hivyo, na mimi husema. Lakini mtoto yule alichukua dakika moja kuuliza jambo ambalo mimi na dada yangu tumelala nalo nyumba moja, tumezeeka nalo, na kila mmoja wetu alikuwa na nusu yake.