Fuso Isiyoomba Mazutu

Hapa Gisenyi, Janvier akishika maikrofoni watu hucheka kabla hajasema kitu. Zamani nilidhani hiyo ni baraka.

Mimi hukodisha mahema na viti, kwa hiyo nimemsikia kuliko paroko wake anavyomsikia. Siku za kazi hununua viazi Bugeshi na kuviuza karibu na mpaka wa Petite Barrière, kwa akina mama wanaovivusha kwenda Goma. Jumamosi anavaa koti na kuwa msemaji kwenye gusaba, yaani sherehe ya posa. Pale kila upande una msemaji wake. Wa upande wa binti atakana kwamba nyumbani kuna msichana. Au yupo, ila shangazi yake hajakubali. Au ninyi wakwe mwaka jana mlikunywa maziwa yetu mkaondoka bila kuaga. Wa upande wa kijana atajitetea na kubembeleza. Wote wanajua binti yuko nyuma ya nyumba, keshavaa, anasubiri kuitwa. Ni uongo wa heshima, na anayeusema vizuri hakosi mialiko.

Janvier aliusema vizuri. Alikulia Congo, akarudi akiwa kijana, hivyo alichanganya Kinyarwanda na Kiswahili ili wageni wa Goma nao wasiachwe nje. Vijana waliotaka kujifunza aliwaambia waanze kujicheka wenyewe, ndipo watu watawaruhusu kuwacheka wengine. Watu wakicheka, nyamaza, usikanyage kicheko chao kwa neno jingine. Na usimcheke kamwe mtu asiye na maikrofoni, maana hana pa kukujibia. Ushauri mzuri kabisa, lakini mganga hajigangi.

Kwani kichekesho chake kikubwa kilikuwa mkewe, Mukandutiye. Wakwe wakianza kusifia ng'ombe wao, Janvier alijibu kwamba ng'ombe si kitu, cha maana ni bibi mwenye mgongo. Hapo alisimulia jinsi alivyovunjika mguu huko juu Bugeshi, mvua inanyesha, njia ni mawe matupu, na Mukandutiye akambeba mgongoni mpaka barabarani, akiguna kila kwenye mlima. Aliiga miguno hiyo mmoja mmoja kama lori, gia ya kwanza, gia ya pili. "Siku ile ndio nilijua," alimalizia, "kumbe nilioa Fuso. Na haiombi mazutu." Watu walivunjika mbavu. Waliotoka Tanzania waliuliza mazutu ni nini, wakaambiwa dizeli, wakacheka kwa kuchelewa. Mukandutiye naye alicheka, kiganja mdomoni, na sisi tukasema ana bahati ya kupata mume mchangamfu.

Kuna kitu Janvier alikiacha kila aliposimulia. Siku ile Mukandutiye alikuwa na mimba ya miezi minne, yao ya kwanza. Alimfikisha mumewe barabarani, na kesho yake mimba ikatoka. Ineza, binti yao wa pekee, alizaliwa baadaye na hakuwahi kuambiwa. Mimi niliambiwa na Mukandutiye mwenyewe, siku tuliyokuwa tunakunja vitambaa vya meza, kisha tukaendelea kukunja.

Mwaka jana walitimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa, na Ineza akaamua wafanyiwe sherehe. Nilikuwa uani kwao napima mahali pa hema, Mukandutiye akamwomba mumewe jambo moja. Alitaka siku hiyo, mbele ya ndugu zake na mbele ya Ineza, aisimulie ile njia yote, pamoja na yule mtoto.

"Ukisema we, watu watasikia," alimwambia. "Mi sijui kusema mbele ya watu."

Janvier aliahidi, na aliahidi kwa moyo wote, sitamsingizia. Asubuhi kadhaa nilimwona kando ya ziwa akitembea peke yake, midomo inacheza.

Siku ikafika. Baada ya misa na chakula, akasimama na kusema kwamba leo hachekeshi. Wakacheka. Akasema leo ni ukweli mtupu, wakacheka zaidi, kwa sababu msemaji wa gusaba akiapa kusema kweli ndipo mchezo unapoanza. Aliendelea hivyo hivyo. Sauti ilianza kumtetemeka, na shemeji yake mmoja akamnong'oneza jirani kwamba Janvier anaigiza vizuri siku hizi. Alipofika pale Mukandutiye alipoinama akamweka mgongoni, hema zima likampokonya maneno: "Kumbe nilioa Fuso!" Walipaza sauti mashemeji, wanakwaya, na Ineza pia.

Halafu wakanyamaza wakimsubiri amalizie. Nilikuwa nimesimama karibu na spika. Ukimya ule ulikuwa wake, angeweza kuweka ndani yake neno lolote alilotaka. Mukandutiye alimtazama, mikono mapajani, na hakuwa anatabasamu.

"Na haiombi mazutu," Janvier akasema.

Muziki ukapigwa, keki ikakatwa. Nilikasirika hata nikatamani kuling'oa lile hema juu ya vichwa vyao. Wiki iliyofuata alikuja kwangu akasema mdomo ulijisemea wenyewe, kwamba alipowaona wote wanamngoja alishindwa kuwanyima. Nikamwambia mdomo ni wake, hakuukodi kwangu. Nilimwonea huruma baada ya kusema hivyo, lakini nilikuwa nimeshasema. Tangu siku hiyo amekataa kila gusaba aliyoitiwa, na wasiojua sababu wanasema amepandisha mabega.

Jumapili moja mchana nilikuwa kwao, Mukandutiye anamenya viazi. Janvier akaja akakaa kwenye kigoda karibu naye. Akamwambia ameshaongea na paroko, atapewa nafasi baada ya misa, atasimama mbele ya watu wote na kusema habari za yule mtoto asiyezaliwa, bila mchezo hata kidogo. Alisema kwa unyenyekevu, mtu aliyezoea kusikilizwa na mamia.

Mukandutiye alimaliza kiazi alichokuwa nacho, akakitia majini.

"Acha, Papa Ineza," akasema. "Mi walinicheka, nilizoea. Yeye sitaki wamucheke."