Panya Hawana Mama Mkwe

Kazi yangu ni kupasua panya. Mama yangu huwaambia watu kwamba mwanawe ni daktari, nami nimechoka kumsahihisha. Maabarani tunawaambukiza panya virusi vinavyoua kinga, kisha tunawafungua kifua kuangalia thaimasi, tezi ndogo nyeupe iliyolala juu ya moyo. Humo ndimo askari wa mwili wanamofunzwa kazi. Kwa panya mwenye afya utaiona mara moja. Kwa mgonjwa utaitafuta mpaka macho yaume.

Dada yangu alikuwa mjane, akiuza vitenge Tunduma. Dawa zake za kufubaza virusi alizifuata Vwawa ili majirani wasimwone, na alizimeza vizuri. Ila kila msimu wa kahawa alikwenda Iyula kuwasaidia wakwe zake kuvuna, akilala chumba kimoja na mama mkwe. Kopo la dawa aliliacha Tunduma, kwa kuwa vidonge hulia vikitikiswa. Mavuno yote hakumeza kitu.

Aliponiambia nilifoka. Nikamweleza habari za panya wangu: tuliowapa dawa mapema, tezi ilianza kurudi; tuliowakatizia, ikasinyaa tena, na ugonjwa wowote mdogo ukawamaliza. Alinisikiliza huku akikunja vitenge.

"Hao panya wako," akauliza, "wana mama mkwe?"

Tulicheka wote wawili. Msimu ule akaenda tena Iyula bila kopo, na uliofuata pia.

Tulimzika hukohuko Iyula, kando ya mumewe. Msibani walichinja ndama, nami nikashika miguu. Kifua kilipopasuliwa niliiona thaimasi ya ndama, nene, nyeupe, ya kujaa kiganja. Mchinjaji akaikata, akawatupia mbwa. Nilishikwa na hasira, na sikuwa na wa kumkasirikia.

Watu walipopungua, mama mkwe wake akaja kuketi karibu nami.

"Mwanangu, dada yako alikuwa anaumwa nini hasa?"

"Kifua, mama." Ndivyo dada alivyoniagiza niseme.

Alijifunika khanga vizuri mabegani.

"Mimi nilijua tangu mavuno ya kwanza," akasema. "Mwanangu mwenyewe aliondoka kwa ugonjwa huohuo. Nikaona aibu kumuuliza. Nilikuwa nasubiri tu aniombe maji ya kumezea."