Kocha Aliyekataza Mipira ya Kichwa

Habari za kifo chake zilinifikia Jumatatu asubuhi, nikiwa Makadara nimeagiza mahamri na mbaazi. Aliyekuwa msaidizi wake alinipigia simu kuniarifu kwamba kocha wetu Mromania amefariki kwao, na kwamba mwishoni hakuwa akimtambua hata bintiye. Wasomaji wangu wa siku nyingi watamkumbuka: yule Mzungu mrefu mwenye pua iliyovunjika, aliyefundisha timu moja ya hapa kisiwani misimu kadhaa, kisha akafutwa kazi kwa jambo ambalo wengi walilicheka.

Alizaliwa katika mji wa wachimba makaa, akawa beki wa kati, kisha nahodha, akachukua kombe la nchi yake na kucheza mpaka magoti yalipomkatalia. Baadaye akageuka kocha, kwanza kwao, halafu Uarabuni, halafu kwetu. Alipanga nyumba Mji wa Kale, mlango wa tatu kutoka kwangu, na jioni alikuja barazani kunywa kahawa. Kiswahili alijifunza hapo hapo. Alitusimulia jinsi walivyopangwa mstari ujanani, wakarushiwa mipira ya ngozi iliyolowa mvua, nao wakaipiga kwa vichwa hadi giza liingie. Aliyekwepa hakupangwa kwenye mechi. Akisimulia hayo alikuwa akijipapasa paji la uso, nasi tukidhani ni mazoea tu.

Asubuhi moja nilimkuta amesimama kichochoroni, mfuko wa mikate mkononi. Nilimsalimu, akanijibu kwa Kiromania. Kisha akaniuliza, kwa adabu kama mgeni aliyeshuka leo, nyumba yake iko wapi. Mlango wake ulikuwa nyuma yake. Nikacheka nikifikiri ananifanyia mzaha, ila yeye hakucheka. Tuliketi, na akili ilipomrudia alinieleza kuhusu mabeki wenzake wa zamani. Mmoja alikufa hajui jina lake mwenyewe. Mwingine alikuwa akifungiwa ndani na mkewe asije akapotea. "Sasa imenifikia mimi," alisema, akaniomba nisiliandike hilo akiwa hai.

Tangu wiki hiyo alipiga marufuku mazoezi ya mipira ya kichwa. Wachezaji walinung'unika, na viongozi wa klabu wakasema mzee ameingiwa na woga. Mambo yaliharibika katika mechi ya mwisho ya msimu. Beki wetu wa kati, kipenzi cha uwanja mzima, aligongana kichwa na mshambuliaji, akalala, akainuka huku mashabiki wakimshangilia, kisha akaenda kujipanga upande wa wapinzani. Watu walicheka. Kocha hakucheka, aliomba mabadiliko, na beki alipogoma kutoka, aliingia mwenyewe uwanjani akamshika mkono, akamtoa. Muda si mrefu tukafungwa bao, tena la kichwa, pale pale alipokuwa akisimama beki huyo. Kombe likaenda.

Mwenyekiti wa klabu alimkabili mbele yetu waandishi. "Kocha, beki asiyepiga kichwa ni wa nini?" alimuuliza.

"Wa kurudi kwa watoto wake," alijibu.

Kabla ya wiki kwisha alikuwa amefutwa kazi. Siku ya kuondoka alinikumbatia mlangoni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mtazame yule beki. Mimi nilianza hivyo hivyo."

Sisi watu wa mpira tuna mapenzi ya ajabu. Twampenda mchezaji aliyefungwa bendeji kichwani, jezi imetota damu, naye akakataa kutoka. Twamwita simba. Atakavyoishi baada ya makofi kunyamaza hatuulizi, kwa sababu wakati huo tumeshapata simba mwingine. Mimi mwenyewe nimekaa viwanja vingi, na sijawahi kusikia uwanja ukimshangilia kocha kwa kumpumzisha mtu.

Juzi nilikwenda kumpa beki yule habari za msiba. Siku hizi anachezea timu nyingine, na bado mipira ya juu ni yake. Alilia kwa uchungu, akamwombea kocha pumziko jema, akakiri kwamba alimkasirikia bure. Mkewe aliniita ukumbini. Alinieleza kwamba mumewe husahau kuwachukua watoto madrasa, na kwamba zaidi ya mara moja madereva wa tuktuk wamemrudisha nyumbani baada ya kumkuta akizunguka karibu na Ngome. "Nikimwambia aende hospitali, hukasirika," alisema. "Aniambia ni uchovu tu, ami."

Tuliporudi sebuleni, beki alikuwa akinywa chai yake. Aliinua uso, akanitazama kwa furaha ya kweli.

"Enhe," akasema, "na kocha hajambo? Mmezungumza karibuni?"

Mkewe alitua sinia mezani polepole. 

Kocha alituonya, nasi tulidhani kwamba tukimwondoa yeye, hatari nayo itaondoka. Tulimpandisha ndege, tukaibakisha hapa hapa, kwenye vichwa vya vijana wetu. Mwenye ndugu, mume au mwana anayecheza nyuma, asingoje kusikia kwa watu kwamba amepotea njia; ampeleke hospitali mapema. Jumapili beki huyo ana mechi, na tikiti, naambiwa, zimekwisha.